Nyeusi ya Machoni Tu: Filamu Inayovujisha Mwanga na Jinsi ya Kuchagua Wino wa Printa

Katika kuchapa fulana kwa wavu, fremu iliyowambwa wavu ikigoma kutoa picha, lawama ya kwanza huangukia emulsheni, ile dawa ya kupaka kwenye wavu inayoganda ikipigwa na mwanga na kuosheka palipozibwa na weusi, ya pili jua. Fundi atabadili kopo, atapunguza dakika, ataongeza dakika, na maandishi yatatoka nusu vilevile. Muda wote huo filamu, ile karatasi angavu iliyochapwa picha kwa wino mweusi, iko mezani, nyeusi tii, haishukiwi na mtu.

Hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Emulsheni haioni kama jicho. Kinachoiivisha ni mwanga wa urujuanimno, yaani UV, pamoja na zambarau inayopakana nao, kati ya nanomita 350 na 420 hivi, na sehemu kubwa ya mwanga huo jicho halina habari nao. Wino unaweza kuonekana mweusi kabisa chini ya taa ya duka na bado ukavujisha UV ya kutosha kugandisha emulsheni iliyo chini yake. Kwa hiyo jina lililo kwenye boksi la katriji halitoshi. Inabidi ujue wino wenyewe ni wa aina gani, filamu yako imepakwa nini, na printa inapiga wino upi hasa ukishaiamuru ichape.

Anza na sarafu

Kabla ya kununua chochote, chukua fremu chakavu, ipake emulsheni kama kawaida, ikauke gizani. Chapa kwenye filamu mraba mweusi mzito wa kama sentimita tano kwa tano. Ilaze filamu juu ya emulsheni, na pembeni yake weka sarafu kubwa, au bora zaidi kipande cha foili ya jikoni. Funika kwa kioo, choma, yaani ianike kwenye mwanga, kwa muda uleule unaotumia kila siku, kisha osha.

Foili haipitishi mwanga hata chembe, kwa hiyo inakuonyesha weusi kamili unavyopaswa kufanya kazi. Ukitumia sarafu, tazama katikati yake, maana pembeni mwanga hupenya chini ya ukingo.

Chini ya foili pakiosheka safi na chini ya wino pakagoma, filamu inavuja. Endelea kusoma.

Pote pawili pakigoma, wino hauna hatia. Emulsheni iliganda kabla hujaichoma: imepitwa na wakati, ilikaushwa mahali penye mwanga wa dirisha, au ilipikwa na joto. Kubadili katriji hapo ni kutupa hela.

Na kama pote pawili pameosheka lakini hata sehemu zilizo wazi zinachuruzika na kuteleza, hukuchoma vya kutosha. Matokeo haya ya tatu yana hila yake. Mafundi wengi wamezoea muda mfupi kwa sababu filamu zao ni dhaifu: waliona picha inatoka wakipunguza dakika, wakabaki hapo. Picha inatoka kweli, ila emulsheni haikuiva mpaka ndani. Fremu inaanza vizuri, na katikati ya oda ya fulana za kipaimara inafungua vitundu, kingo zinamomonyoka, wino unapenya pasipotakiwa. Fundi analaumu kopo la emulsheni tena, wakati ugonjwa ulianzia kwenye printa.

Dalili: picha haioshekeki, au inatoka kwa kupigwa maji ya nguvu

Kuzuia mwanga kwa filamu hupimwa kwa namba iitwayo densiti. Densiti 1 hupitisha sehemu moja ya kumi ya mwanga, densiti 2 moja ya mia, densiti 3 moja ya elfu. Tuseme muda sahihi wa emulsheni yako ni dakika nne. Chini ya weusi wa densiti 1, emulsheni imepokea sawa na sekunde 24 za mwanga kamili, na hizo zinatosha kabisa kuanza kuigandisha. Chini ya densiti 3 imepokea chini ya robo sekunde. Ndiyo maana wachapaji hulenga 3 au zaidi, ikipimwa kwa UV na si kwa mwanga wa kawaida. Kipimo chenyewe ni ghali, na karakana ndogo haina sababu ya kukinunua wakati foili ipo.

Huku kwetu jua linaongeza tatizo. Anayechoma kwa jua la mchana Dar es Salaam au Mombasa anatumia UV kali, na tofauti ya sekunde chache ni kubwa. Mwenye filamu nzito anaweza kuzidisha kidogo na picha ikabaki. Mwenye filamu dhaifu hana nafasi hiyo, wingu likipita tu hesabu imeharibika.

Sasa, kwa nini weusi wako ni dhaifu? Sababu inayopatikana mara nyingi kuliko zote ni kwamba printa haipigi wino unaodhani inaupiga. Hapa inabidi kuzielewa aina mbili za wino.

Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, na huzama ndani ya kile kilichopakwa juu ya filamu. Wino wa pigmenti ni chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji, na zikifika kwenye filamu hubaki juu juu. Pigmenti nyeusi ni kaboni, na kaboni huziba UV vizuri. Kwa nadharia basi pigmenti ingeshinda. Lakini filamu nyingi za printa za wino zimepakwa kwa ajili ya dai, na pigmenti juu yake hufutika kwa kidole, hupasuka au hukataa kukauka.

Kutambua ulichonacho ni rahisi. Chapa neno moja kwa weusi kwenye karatasi ya kawaida, mpangilio ukiwa wa karatasi ya kawaida, liache likauke, kisha dondoshea tone la maji. Wino wa dai utatapakaa. Pigmenti itakaa palepale.

Printa za matangi hazifanani. Epson L805, L1800, L8050 na L18050 zina rangi sita, zote za dai pamoja na nyeusi, ndiyo maana zinapendwa kwa kazi hii. L1800 na L18050 zinachapa hadi A3+, ukubwa unaotosha mgongo mzima wa fulana. Canon G2010 na G3010 zina nyeusi ya pigmenti na rangi nyingine za dai. HP nyingi za bei ndogo ni hivyohivyo. Zipo Canon zenye katriji tano ambazo zina nyeusi mbili: iliyoandikwa PGBK ni pigmenti, iliyoandikwa BK ni dai. Na katriji za Epson zenye jina DURABrite ni pigmenti kwa rangi zote, wakati nyingi zenye jina Claria ni dai, ila Claria Premium ina nyeusi ya pigmenti.

Mtego uko hapa. Printa yenye nyeusi ya pigmenti, ukiiambia kwamba umeweka karatasi ya picha ya kung'aa, huiacha ile nyeusi pembeni. Huchanganya samawati, majenta na njano kutengeneza weusi wa bandia, kwa sababu watengenezaji wanajua pigmenti yao haishiki kwenye karatasi inayong'aa. Nawe umefuata ushauri wa kila mtu kwamba filamu ichapwe kwa mpangilio wa karatasi ya picha, na tangi lako la wino mweusi halishuki hata kidogo. Ukiona weusi wa filamu una ukahawia au ukijani ukiushika juani, au rangi tatu zinaisha huku nyeusi imejaa, umeshapata jibu.

Kwa mwenye Canon ya namna hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua karatasi ya kawaida kwenye draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa, ubora wa juu kabisa, na kutafuta filamu ambayo muuzaji anasema wazi kwamba inapokea pigmenti. Ya pili ni kubaki na karatasi ya picha na kukubali weusi wa mchanganyiko, ukiuongezea uzito kwa kupunguza mwangaza na kuzidisha kontrasti ndani ya draiva. Mimi naipendelea ya kwanza, ila nunua karatasi mbili tatu za filamu ujaribu kabla ya kuchukua pakiti nzima.

Mwenye printa ya dai tupu aweke karatasi ya picha ya kung'aa na ubora wa juu, aondoe alama kwenye uchapaji wa kasi, ajaribu kwa kijivu na kwa rangi. Huhitaji kubahatisha: chapa miraba sita kwenye filamu moja, kila mmoja kwa mpangilio wake, andika namba pembeni, ichome yote kwa pamoja karibu na foili. Mraba utakaooshwa sawasawa na foili ndio mpangilio wako. Uandike ukutani, maana draiva ikisakinishwa upya kila kitu hurudi mwanzo.

Wapo wanaobandika filamu mbili zinazofanana, moja juu ya nyingine. Inasaidia siku ya dharura kwenye maandishi manene. Kwenye mistari myembamba haifai, kwa kuwa filamu ya juu iko mbali na emulsheni na mwanga hupenya kwa pembeni. Kuirudisha filamu ileile ndani ya printa ichapwe mara ya pili ni kupoteza wino; haitakaa tena mahali pake.

Dalili: wino unafanya vidimbwi, unafutika, haukauki

Kwanza, umechapa upande usiopakwa? Lowesha kidole kidogo, gusa kona ya filamu pande zote mbili. Upande unaonata ndio wa wino. Hili peke yake humaliza nusu ya malalamiko.

Pili, je, hiyo ni filamu ya printa ya wino? Steshenari nyingi huuza karatasi angavu za fotokopi, zile za kufunikia ripoti au za projekta ya zamani. Hazina kitu juu yake, na wino wa maji hukusanyika kama jasho. Hakuna katriji itakayozishika. Kinyume chake ni hatari zaidi: filamu ya printa ya wino ikiingizwa kwenye printa ya leza, kilichopakwa juu yake kinaweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola ya joto, nawe utalipia rola.

Kama upande ni sahihi na filamu ni sahihi, basi ama umeweka pigmenti juu ya filamu ya dai, ama unamwaga wino mwingi kuliko filamu inavyoweza kunywa. Punguza ubora hatua moja uone. Pwani kuna sababu nyingine ambayo watu wa bara hawaijui vizuri: hewa yenyewe imelowa. Pakiti ya filamu iliyoachwa wazi Tanga mwezi Aprili huvuta unyevu, na wino hauna pa kuingia. Hifadhi filamu kwenye mfuko uliofungwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Filamu ikitoka kwenye printa ipeperushe kwa feni au draya ya nywele kwa joto la chini, na usiilaze kwenye emulsheni ikiwa bado inanata. Itaacha wino kwenye fremu na utashindwa kujua kosa liko wapi.

Dalili: mistari myeupe ndani ya weusi

Nozeli zimeziba, au printa inapiga haraka mno. Chapa karatasi ya kukagua nozeli. Mistari yake ikikatika, safisha kichwa mara moja au mbili, kisha iache printa ipumzike kwa saa kadhaa kabla ya kurudia. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino, kunajaza pedi inayonyonya wino wa taka, na mara nyingine kunavuta hewa ndani. Nozeli zikiwa nzima na mistari ipo, zima uchapaji wa kasi ili kichwa kipige kikienda upande mmoja tu.

Printa isiyotumika huziba, na ya pigmenti huziba vibaya zaidi kwa kuwa chembe hukauka ndani ya tundu. Anayepata oda za filamu mara moja kwa mwezi achape kitu chenye rangi zote kila wiki, hata kama ni ratiba ya mechi.

Dalili: printa inakataa katriji, au inasema imekwisha wakati inasikika ina wino

Hili ni suala la chipu. Katriji ina chipu inayohesabu kurasa na matone, haipimi wino uliobaki. Katriji uliyoijaza kwa sindano itaendelea kuitwa tupu mpaka chipu irudishwe nyuma. Zipo katriji za kujazwa zenye chipu inayojirudisha yenyewe, na printa za Epson za zamani zenye katriji hizo ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi ya filamu, kwa kuwa unachagua mwenyewe wino wa kuweka ndani.

Katriji mbadala zisizo za kampuni ya printa zinaweza kufanya kazi vizuri kwa barua na kushindwa kwa filamu. Muuzaji anakuhakikishia kwamba ni nyeusi, naye hadanganyi. Hajapima UV, basi. Ukibadili chapa ya wino rudia mraba na foili kabla ya kazi ya mteja. Na ukiwa unatumia mbadala, zima masasisho ya programu ya printa, kwani sasisho moja linaweza kuifanya iikatae katriji iliyokuwa ikikubaliwa jana. Angalia pia tarehe ya mwisho kwenye boksi. Wino wa bei ya kutupa aghalabu umekaa muda mrefu kwenye ghala la joto.

Dalili: maandishi yanatoka, vidoti vya picha vinapotea

Hapa wino unaweza kuwa mwingi badala ya kidogo. Vidoti huvimba, vinagusana, na sehemu za kijivu nzito zinakuwa weusi mtupu. Punguza uzito wa wino hadi vidoti vitengane ukiviangalia kwa lenzi, kisha hakikisha mraba mzito bado unapita jaribio la foili. Kati ya mambo hayo mawili ndipo unapofanyia kazi.

Lakini chunguza kama una vidoti vya kweli. Draiva ya kawaida haitengenezi hafutoni, yaani vidoti vilivyopangwa kwa mistari, vikubwa na vidogo, ili kutoa kijivu. Inanyunyiza vitone vidogo ovyo, na wavu hauwezi kuvishika. Programu za RIP kama AccuRIP hutengeneza hafutoni na kudhibiti kiasi cha wino, ila zinalipiwa. Ndani ya Photoshop unaweza kugeuza picha iwe kijivu, kisha bitimapu (nyeusi na nyeupe tupu), ukachagua hafutoni ya mistari 45 kwa inchi na pembe ya digrii 22.5, nayo ikachapwa na printa yoyote. Wavu uwe na nyuzi angalau mara nne ya idadi ya mistari hiyo: kwa mistari 45 unahitaji nyuzi 180 kwa inchi, yaani wavu wa 77T, wenye nyuzi 77 kwa sentimita, unatosha. Anayejaribu picha ya uso kwa wavu wa 43T asiulaumu wino.

Kingo zenye ukungu nazo si za katriji. Mara nyingi filamu imelazwa wino ukiwa juu. Chapa kawaida bila kugeuza, kisha laza upande wenye wino uguse emulsheni kwenye upande wa fremu unaokutana na fulana. Maandishi yatasomeka sawasawa ukitazama kutoka ndani, upande wa skwiji, ile ya kusukumia wino.

Kujaza nyeusi kwenye matangi yote

Mtu akiwa na oda za kila siku, njia inayotoa weusi mzito kuliko zote ni printa moja iliyotengwa kwa filamu tu, matangi yote yakiwa na wino mweusi wa dai wenye kuziba UV. Inataka RIP ili ifanye kazi ipasavyo, kwani draiva ya kawaida bado inaamini tangi la njano lina njano, na kiasi cha wino kwenye vivuli hakitabiriki. Kwa anayechapa maandishi na nembo nzito ni gharama isiyo na sababu. L1800 yenye wino wake wa kawaida na mpangilio mzuri itamfikisha. Asichanganye kamwe dai na pigmenti ndani ya tangi moja: vinaweza kugandana na kuua kichwa. Anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine asafishe mirija kwanza kwa maji maalumu ya kusafishia printa mpaka yatoke bila rangi.

Kwa wenye leza na wenye mafuta ya kupikia

Tona ya leza ina matundu madogo, yanayoonekana ukiishika filamu mbele ya balbu, na joto hufinyaza karatasi ya plastiki kiasi cha kupishanisha rangi ya pili na ya kwanza. Kwa kazi ya rangi moja inatosha. Zima hali ya kuokoa tona, ongeza uzito hadi mwisho, na uchape kwenye karatasi ya kunakilia ramani badala ya plastiki.

Karatasi nyeupe iliyochapwa kwa leza na kupakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga hutumika sana, na kwa herufi nene inafanya kazi. Karatasi yenyewe bado inanyonya UV, kwa hiyo ongeza muda wa kuchoma, na muda huo mrefu ndio unaofichua udhaifu wa tona. Mafuta yafutwe kwa kitambaa hadi karatasi isiache alama kwenye kiganja. Yakibaki juu ya emulsheni, maji hayataishika sawasawa wakati wa kuosha, na utapata mabaka ambayo hakuna mabadiliko ya muda yatakayoyaondoa.